Filamu ya ISO 50 inakupa picha butu? Usikimbilie kubadili dawa

MwangaHafifu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna swali linarudi kila baada ya muda. Mtu anatafuta filamu ya nyeusi na nyeupe ya ISO 25 au 50 (namba ya wepesi wa filamu kupokea mwanga; ndogo hutaka mwanga mwingi) kwa sababu amesikia chembe zake za fedha, zinazounda picha, ni ndogo mno. Anapiga roli moja, anaisafisha kwenye dawa ili taswira itokee, kwa uangalifu wote, kisha anakuta picha ni butu kuliko zile alizozoea kupiga kwa filamu ya 400. Hapo ndipo huanza safari ya kutafuta dawa. Safari hiyo naijua. Nilibadilisha dawa za kusafishia mara tatu, nikajaza daftari zima dakika na nyuzi joto, na kosa halikuwa kwenye tangi hata siku moja.

Ninachosema kwenye uzi huu ni kimoja: ukishika filamu ya kasi ndogo, ukali hauvujii tena kwenye filamu. Unavujia kwingine, na mahali pa kwanza pa kutazama ni mkono wako.

Tupige hesabu kidogo. Fremu ya 35mm ina milimita 24 kwa 36. Ukiikuza mara 8 unapata picha ya karibu sentimeta 19 kwa 29, ukubwa wa kawaida kabisa wa kushika na kuangalia. Jicho zuri, karatasi ikiwa sentimeta 25 kutoka usoni, hutenganisha kama jozi 6 za mistari katika milimita moja. Irudishe hesabu hiyo kwenye negativu (filamu iliyokwisha kusafishwa), unafika karibu jozi 50 kwa milimita. Yaani mstari mmoja una upana wa milimita 0.01. Unene wa filamu yenyewe, huo unaousikia ukiishika kati ya vidole, ni zaidi ya mara kumi ya hapo. Taswira ikiteleza juu ya filamu kwa kiasi hicho wakati shata, pazia linalofungulia mwanga, iko wazi, mstari umekwisha, na hakuna dawa ya kuurudisha.

Filamu yenyewe ina akiba ya kutosha. Kwenye karatasi ya maelezo ya filamu ya T-Max 100, Kodak wanataja 200 kwa milimita pale kontrasti inapokuwa 1000 kwa 1, na 63 inapokuwa 1.6 kwa 1. Namba ya kwanza ni ya mistari myeusi tii juu ya weupe mtupu. Ya pili ndiyo yetu sisi: gome la mti, kitambaa, ngozi, vitu ambavyo weusi na weupe wake umekaribiana. Na hiyo 63 bado inapita 50 tunayoihitaji.

Sasa njoo kwenye mwanga. Juani, ISO 50 inataka f/16 (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikikua tundu linapungua) kwa 1/50 ya sekunde, au f/5.6 kwa 1/400. Hapo raha tupu. Ingia kivulini, stopu tatu zimeondoka (kila stopu ni nusu ya mwanga), na f/5.6 ile ile inataka 1/50. Mwenye filamu ya 400 amesimama ubavuni mwako anapiga 1/400. Chembe zake ni kubwa, sawa, lakini kingo zake zimetulia. Wewe filamu yako safi imeandika mtikisiko wako wote bila kuacha kitu.

Kanuni ya kwamba lenzi ya 50mm inashikika mkononi kwa 1/60 inatosha kwa picha ndogo. Kwa filamu hizi naizidisha mara nne: 50mm, 1/250. Chini ya hapo naweka tripodi.

Msiniamini kwa maneno, fanyeni jaribio. Mimi nilibandika ukurasa wa gazeti ukutani, nikasimama meta moja, lenzi ya 50mm, filamu ya ISO 50. Fremu tano kwa kila kasi: 1/60, 1/125, 1/250, 1/500, zote mkononi, kisha tano kwenye tripodi. Nilipoiweka negativu juu ya meza ya mwanga na kuinamia kwa lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia, ya mara 10, kwenye 1/60 vichwa vidogo vya habari vilikuwa vimeota kivuli upande mmoja, herufi "a" na "o" zimeziba tumbo. Fremu moja tu kati ya zile tano ilisomeka. Kwenye 1/250 nyingi zilisomeka. Kwenye tripodi nilianza kutenganisha hata herufi za habari yenyewe, ambazo kwenye fremu za mkononi zilikuwa utando wa kijivu tu. Roli ile ile, tangi lile lile, dakika zile zile.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu chochote, jifunze kuisoma negativu. Tafuta kidoa cha mwanga: mng'ao ndani ya jicho, kichwa cha msumari, tone la maji. Kidoa kikiwa kimevutwa kuwa kistari, na vidoa vyote kwenye fremu vimevutwa upande mmoja, umetikisika. Kikivimba kuwa duara, halafu kuna kitu kingine mbele au nyuma yake kilicho kikali, umekosa fokasi. Mandhari yote yametulia ila mtu peke yake ndiye aliyevutwa, basi ni yeye aliyesogea. Na kama kwenye lupu kila kitu ni kikali lakini picha ya karatasi ni butu, kamera haina hatia, nenda kwenye mashine ya kukuzia.

Kuhusu tripodi, kuimiliki tu hakutoshi. Nguzo ya katikati iwe chini kabisa. Tumia waya wa kufyatulia au kipima muda, usibonyeze kwa kidole. Na kwa wenye kamera za kioo kinachoruka: kile kishindo cha kioo kinatikisa kamera hasa kati ya 1/30 na nusu sekunde. Ama kinyanyue kioo mapema kama kamera yako inaruhusu, ama zikimbie kasi hizo. Mimi nikiwa na kamera isiyonyanyua kioo hufunga tundu mpaka nifike sekunde nne au zaidi, nashika kadi nyeusi mbele ya lenzi bila kuigusa, nafungua shata, nasubiri kamera itulie, ndipo naondoa kadi. Kwa sekunde ndefu namna hiyo kumbukeni filamu huchoka: kwa Pan F Plus, filamu yao ya ISO 50, Ilford wanaelekeza uchukue sekunde ulizopima na kuzipandisha kwa kipeo cha 1.33, kwa hiyo 10 zinakuwa karibu 21.

Karibuni.

Kivuli_Kirefu

Mkuu, somo limeingia. Lakini mimi tripodi ninayo, waya ninao, kioo nanyanyua. Na huwa nafunga mpaka f/22 ili mbele na nyuma pote pawe pakali. Bado picha inakuwa kama imepakwa mafuta. Filamu ni ya 50.

MwangaHafifu

Mkuu, hiyo f/22 ndiyo mafuta yenyewe.

Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hujipinda ukingoni na kusambaa, na tundu likizidi kuwa dogo msambao unazidi. Hili halina uhusiano na ubora wa lenzi, hata iwe kamilifu. Chukua zile jozi 50 kwa milimita tulizozitaja. Lenzi isiyo na kasoro yoyote ikiwa f/8 hubakiza karibu asilimia 72 ya kontrasti yake. Kwenye f/16 inabaki 46. Kwenye f/22 inabaki 28. Kwa filamu ya 400 hasara hiyo unaweza usiione kwa sababu chembe zimeifunika. Kwa yako inaonekana wazi.

Lenzi nyingi za 35mm hufanya vizuri zaidi kati ya f/5.6 na f/8. Anzia hapo.

Kuhusu kina cha ukali, zile alama zilizochongwa kwenye lenzi zinaahidi zaidi ya zinachotoa. Kwa kawaida hesabu yake inakubali kidoa kuvimba hadi milimita 0.03 na bado kiitwe kikali. Sisi tunataka 0.01. Kwa hiyo ukipiga f/11, soma alama za f/4. Utashtuka jinsi eneo lilivyo jembamba, lakini huo ndio ukweli wa fremu yako. Chagua kitu kimoja ambacho lazima kiwe kikali, kifokasi hicho, vingine viache vilegee.

Dada_Negativu

Habari zenu. Mimi napiga watu, tena watoto. Tripodi haisaidii maana mtoto hatulii. Ina maana filamu hizi si zangu?

MwangaHafifu

Salama dada. Kuna njia mbili, na ya kwanza ni kuleta mwanga wako mwenyewe. Flashi ndogo ikitoa nusu ya nguvu au chini yake huwaka kwa muda mfupi kuliko 1/1000 ya sekunde, kwa hiyo mtoto, mkono wako na kioo vyote vinagandishwa pamoja. Hakikisha tu mwanga wa mahali ni hafifu kuliko flashi kwa stopu tatu hivi, la sivyo utapata taswira mbili, moja kali na moja ya kivuli juu yake.

Njia ya pili ni kuweka filamu ya 400. Nasema hivi kwa moyo mweupe. Kope za mtoto zilizotulia zikiwa na chembe ni bora kuliko kope laini zisizo na chembe ambazo hazipo.

ChumbaChaGiza

Mleta uzi, nakubali mengi lakini dawa unaipuuza mno. Nimesafisha Pan F Plus kwa Rodinal na kwa Perceptol, roli za siku moja, mahali pamoja, kamera kwenye tripodi. Tofauti ipo na inaonekana kwa macho. Usiwaambie watu dawa haina kazi.

MwangaHafifu

Mzee wangu, umesema kweli, na nashukuru limeletwa na mtu mwenye roli mbili mkononi. Dawa ina kazi. Nabishana na wanaoanzia huko.

Tofauti unayoiona ina sababu. Dawa kama D-76 ina gramu 100 za sodiamu salfaiti katika kila lita, na salfaiti nyingi kiasi hicho huyeyusha fedha kidogo kidogo pembeni mwa chembe. Perceptol iko upande huo huo, tena imeuzidi. Chembe zinalainika, lakini na kingo nazo zinalainika. Rodinal, ambayo ipo tangu 1891, ukiizimua 1+50 (sehemu moja ya dawa kwa 50 za maji) au 1+100 inakuwa na salfaiti kidogo sana, chembe zinabaki na umbo lake. Halafu kuna jambo jingine ninalolipenda mno. Pale sehemu nyeusi ya negativu inapopakana na sehemu nyeupe, dawa iliyo juu ya sehemu nyeusi huchoka haraka, iliyo juu ya sehemu nyeupe bado ina nguvu. Zinabadilishana mpakani. Ukingo wa upande mweusi unazidi kuwa mweusi, wa upande mweupe unazidi kuwa mweupe, na jicho linasoma mpaka huo kama ukali. Ukitikisa tangi mfululizo unaliharibu jambo hilo. Kwa hiyo zimua sana, tikisa kwa upole, mara moja kila dakika au hata pungufu.

Kwa filamu ya 400 unajihoji kama unazitaka chembe za Rodinal. Kwa filamu ya 50 chembe zilishakuwa ndogo tangu kiwandani, huna sababu ya kuziyeyusha. Ndiyo maana nadhani dawa laini kwenye filamu ya kasi ndogo ni kulipa mara mbili kwa kitu kimoja. Hapo mimi na wewe hatuko mbali.

Niongeze la mwangaza, maana linakwenda pamoja na dawa. Negativu iliyopigwa kwa mwanga mwingi mno inapoteza ukali, kwa sababu mwanga husambaa ndani ya utando wa filamu unaobeba chembe kabla haujatulia. Negativu nzuri kwa ukali ni ile nyembamba kidogo, yenye maelezo kwenye vivuli na si zaidi. Kwenye jua kali Pan F Plus hupandisha kontrasti upesi, hivyo wengi tunaipima kama ISO 25 au 32 na kupunguza dakika za kusafisha. Usiipime 25 halafu ukaacha dakika zile zile, anga litakuwa ukuta.

roli36

Na hizi filamu za ISO 20 wanazosema zinapita zote? Nifanye moja kwa moja hiyo nimalize?

MwangaHafifu

Adox CMS 20 II ni filamu ya kweli na inarekodi vitu vidogo ajabu. Lakini ukoo wake ni wa filamu za kunakili nyaraka: nyeusi au nyeupe, katikati hakuna kitu, mpaka uisafishe kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake. Technical Pan ya Kodak ilikuwa na tabia hiyo hiyo. Makosa ya stopu moja haisamehi. Kama bado hujapata fremu tano kali mfululizo kwenye ISO 100, hiyo 20 itakuvunja moyo bure. Anza na 100, Delta au T-Max au Acros, stopu moja ya nafuu kutoka 50 ni kitu kikubwa.

Na filta nyekundu iweke kando kwanza. Inakula stopu tatu, 50 yako inakuwa kama 6, na juani kwenye f/8 unajikuta 1/25.

Dada_Negativu

Nina roli mbili za Pan F nilizopiga mwaka jana, bado ziko kwenye droo. Zitasubiri?

MwangaHafifu

Zisafishe wiki hii, dada. Ilford wenyewe wanashauri Pan F Plus isafishwe ndani ya miezi mitatu tangu ilipopigwa. Taswira ambayo haijasafishwa hufifia kwenye filamu hii kuliko nyingine. Hata namba za pembeni utazikuta zimepauka.

Kivuli_Kirefu

Nimerudi kwenye f/8, kweli negativu zimebadilika, kwenye lupu ni wembe. Ila picha ya karatasi inanisumbua. Nafokasi vizuri kwenye mashine, nikisafisha karatasi katikati pamelegea, pembeni pazuri.

MwangaHafifu

Hilo naweza kukuonyesha hatua kwa hatua kwa sababu lilinila karatasi nyingi. Washa taa ya mashine, weka kile kikuzio cha kuangalia chembe juu ya ubao, fokasi mpaka chembe zisimame. Sasa usiondoe jicho, usiguse kitu. Subiri nusu dakika. Utaziona chembe zinalegea taratibu, kisha zinapotea zenyewe, kama mtu amegeuza kirungu. Negativu imepata joto la taa ikabinuka katikati. Ulifokasi ikiwa baridi, ukaichapa ikiwa imebinuka.

Dawa yake ni kushikia negativu kati ya vioo viwili, ukubali kazi ya kufuta vumbi kwenye nyuso zote. Kama huna vioo, iache taa iwake mpaka negativu imalize kubinuka, fokasi hapo, kisha zuia mwanga kwa kadi badala ya kuzima taa, weka karatasi, ondoa kadi. Lenzi ya mashine nayo iwe katikati, f/5.6 au f/8, isifungwe mpaka mwisho kwa sababu ile ile ya awali.

Kuna tatizo la pili ambalo ni la filamu hizi tu: chembe ni ndogo kiasi kwamba hata kwenye kikuzio huzioni. Mimi nina fremu moja mbovu niliyoikwaruza utando kwa sindano. Naiingiza, nafokasi kwenye mikwaruzo, kisha naibadilisha na negativu yenyewe.

Wanaoskani, hali ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Skana nyingi za kulaza karatasi hazifikii namba zilizoandikwa kwenye boksi, na fokasi yake imefungwa. Inua kishikio cha negativu kwa nusu milimita, kisha milimita moja, ulinganishe. Usihukumu filamu kwa skana ambayo hujaijaribu.

roli36

Wakuu, nimefanya jaribio la gazeti. Tripodi, waya, f/2.8, 1/250. Herufi bado zimevimba. Si vistari, ni viduara. Ila karibu na gazeti kulikuwa na msumari umetokeza ukutani kama sentimeta tatu hivi kuja kwangu, na kichwa chake ni kikali sana. Nilifokasi gazeti, nina hakika.

MwangaHafifu

Umesoma negativu vizuri sana, mkuu. Nina shaka na kamera sasa: kitazamio kinakuonyesha jambo moja, filamu inapokea jingine. Skrini ya fokasi haijakaa sawasawa au kioo kimehama kidogo.

Hakikisha hivi. Kamera iwe tupu, ifungue mgongo. Chukua utepe wa gundi ule mweupe wa ukungu, ubandike kwenye reli mbili ambazo filamu hupita, uwe umenyooka, usiguse pazia la shata. Weka kasi kwenye B, fungua tundu lote, shikilia shata wazi kwa waya. Taswira itatokea kwenye utepe ikiwa kichwa chini. Angalia kwa lupu, kitu gani ni kikali. Kisha funga shata, tazama kwenye kitazamio bila kugusa lenzi.

roli36

Nimefanya usiku huu, taa ikiwa karibu na gazeti. Kwenye kitazamio gazeti ni kali. Kwenye utepe ni msumari.

MwangaHafifu

Basi ni skrini au kioo. Mpelekee fundi kamera, na mwambie hivyo hivyo ulivyoniandikia, pamoja na zile sentimeta tatu. Mpaka irudi, fokasi kwa kitazamio, kisha geuza pete ya lenzi kidogo kuelekea mbali, upige fremu tatu kwa kugeuza tofauti kila mara, zote f/8. Andika uligeuza kiasi gani, lupu itakuambia ipi ya kushika. Na ile dawa mpya uliyotaka kuifungua, iache kwenye chupa yake.